Siku Mia na Themanini

Kestrel Fork, Idaho
10 Oktoba 2022

Mdogo wangu LaRae,

Usishtuke kuona mwandiko wa Twyla. Mimi nasema, mke wangu anaandika, na nimemwonya asitie chumvi. (Chumvi ni lazima. – T.)

Alhamisi iliyopita nilikwenda shuleni kama kawaida yetu sisi wazee wa chama cha wazazi, kuvuta yale majukwaa ya kukalia watazamaji kabla ya mechi ya wasichana ya mpira wa wavu. Unayajua, yale ya kukunja, yanayoingia ukutani kama droo. Nimeyavuta tangu binti yetu anacheza, na sasa ana watoto wake. Safari hii yalipofika nusu yakarudi yenyewe. Mkono wangu wa kulia ulikuwa katikati. Mlio wake sitakusimulia. Twyla alikuwa mlangoni anauza keki, anasema aliusikia. (Niliusikia. – T.)

Nimewekwa vyuma sita. Vidole vitatu havina habari na mimi. Daktari anasema tungoje miezi, ndipo tutajua. Nikamuuliza jambo moja tu: mkasi nitaushika lini? Mimi ni kinyozi, sina kazi nyingine ninayoijua. Akageuka kuangalia dirisha.

Najua utataka kupiga simu. Usipige. Marehemu baba yetu alipeleka barua za watu miaka thelathini na moja, na alisema simu ni ya misiba. Mimi sijafa. Niandikie Jumapili kama siku zote. Na usitumie kompyuta ya ofisini, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba kila kinachoandikwa humo, mwananchi yeyote ana haki ya kuomba akisome. Sitaki mji mzima usome kwamba nililia.

(Alilia. – T.)

Kaka yako,
Verl


Harlan Gap
16 Oktoba 2022

Kaka Verl,

Nilijua kabla ya barua yako. Taarifa ya ajali ilikuwa mezani kwangu Ijumaa asubuhi, na jina lako juu yake. Nilichukua funguo, nikaendesha hadi chini ya mlima, nikaegesha pembeni, kisha nikageuza gari. Nitakuambia kwa nini, na uniwie radhi nikianza kuongea kama ofisi.

Mimi ni mwanasheria mkuu wa wilaya hii ya shule. Mteja wangu ni wilaya. Si walimu, si watoto, wala si kaka yangu. Nikikaa kando ya kitanda chako kama dada, nitasikia kama wakili, na utakachonieleza hakitakuwa chako tena. Siku hiyohiyo nilimwandikia mkurugenzi kwamba katika jambo lako nimejitoa, na faili limepelekwa kwa mawakili wa nje. Lakini niliyokwisha kuyajua siwezi kuyatapika. Kwa hiyo kuhusu ajali usiniulize, na usinisimulie zaidi. Sheria inaniruhusu kukuambia sentensi moja tu, nami nakuambia: tafuta wakili wako mwenyewe.

Sasa aseme dada yako. Nililia ndani ya gari hadi dereva wa lori akasimama kuniuliza kama nimeishiwa mafuta. Kula. Meza dawa zako. Mwambie Twyla asikuache uchanje kuni kwa mkono wa kushoto, maana nakujua.

LaRae


Kestrel Fork
30 Oktoba 2022

Mheshimiwa Wakili,

Wakili wa nini tena? Kwa ugomvi upi?

Juzi mkuu wa shule, Hatch, alikuja hapa mwenyewe na bakuli la viazi vya msibani. Nikamwambia, “Bwana Hatch, viazi hivi wanapikiwa wafiwa. Umekuja kunizika?” Akasema, “Aa, Verl, mke wangu hajui kupika kingine.” Akakaa saa nzima. Ananiambia, “Wewe ni mtu wetu bwana, usihangaike na kitu. Shule itakutunza.” Akatoa fomu ya ajali, kurasa mbili. Twyla akajaza, mimi nikatia sahihi kwa kushoto, sahihi kama kuku kapita kwenye matope. Hatch akaikunja akaitia ndani ya koti.

Kwa hiyo lala usingizi. Karatasi zimeshaingia, mambo ya kisheria yamekwisha.

Na hata yasingekwisha, mimi niishtaki shule niliyosoma, ambayo mdogo wangu ndiye mwanasheria wake? Hapa mjini wapo wanaongoja kwa hamu kuona watoto wa Sorensen wanavutana mahakamani. Wangoje. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, nami nawaambia hao wakalime.

Twyla anasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamwambia mkuu ni mimi, na kilichovunjika ni mkono.

Verl
(Kwa mkono wa T., ambaye viazi vile amevila vyote.)


Harlan Gap
6 Novemba 2022

Mwalimu Yamashita,

Miaka ishirini na saba iliyopita ulinipokea ofisini kwako Boise nikiwa sijui hata kufungua jalada. Ulisema siku nikikwama kwenye maadili ya kazi nikuandikie. Kanuni zinaniruhusu kukuomba ushauri, na wewe kwa sababu hiyo unabanwa na siri kama mimi. Nimekwama.

Kaka yangu ni kinyozi. Majukwaa ya ukumbi wa shule yetu mojawapo yameponda mkono wake wa kulia. Mwaka huu mwezi Machi mtunza jengo wa shule hiyo, Ferrin, aliandika kwamba kufuli la majukwaa limekufa na mota inayarudisha yenyewe. Aliandika, “Itamuumiza mtu.” Karatasi hiyo ilifika kwangu. Niliipeleka kwenye bodi, kikao cha faragha, nikashauri yatengenezwe kabla shule hazijafunguliwa. Bodi ikaahirisha hadi kiangazi kijacho. Ushauri wangu umefungiwa ndani ya siri ya wakili na mteja, na Verl yuko nje ya mlango.

Unaijua sheria: anayeidai taasisi ya umma katika jimbo hili lazima afikishe notisi ya madai kwa karani wake ndani ya siku mia na themanini. Zikipita, dai limekufa. Kwa Verl zinaisha Jumanne, tarehe 4 Aprili. Yeye anaamini fomu ya ajali aliyompa mkuu wa shule ndiyo notisi. Ile fomu haidai kitu. Ni karatasi ya kuwekwa kabatini.

Naweza kumwambia tarehe? Naweza kumwambia habari za Ferrin? Nikiacha kazi kesho, je?

Nisaidie. Ana umri wa miaka hamsini na tisa, na kazi yake yote iko kwenye vidole vile.

LaRae Sorensen


Boise
12 Novemba 2022

LaRae,

Tarehe, hapana. Huo ni ushauri wa kisheria kwa mtu ambaye maslahi yake yanapingana na ya mteja wako. Ferrin, hapana, na usiniulize tena. Kuacha kazi, kazi utaiacha ila siri utaondoka nayo na utazikwa nayo.

Unaruhusiwa kumwambia atafute wakili. Mwambie tena. Mwambie hadi akuchoke. Lakini dokezo nalo ni kusema, na wewe hukuwahi kuwa hodari wa madokezo, uso wako wote ni ubao wa matangazo.

Uliandika ukitumaini nitakuonyesha mlango uliousahau. Nimekaa na barua yako siku nne nikiutafuta. Haupo.

Nasikitika sana. Mimi sikujaliwa kuwa na kaka.

Harriet Yamashita


Harlan Gap
27 Novemba 2022

Kaka Verl,

Nilikuambia sikuja Sikukuu ya Shukrani kwa sababu ya theluji mlimani. Njia ilikuwa wazi. Niliogopa kukaa mezani nikakuona ukikatiwa bata mzinga na mkeo.

Umeniandikia barua tatu mwezi huu, zote vichekesho. Nimecheka. Kisha nakuomba uache kucheka dakika moja unisikilize: tafuta wakili wako mwenyewe. Si wa shule, si rafiki wa Hatch. Fomu uliyoniambia umejaza, mwonyeshe nakala yake. Usinijibu kuhusu hilo. Fanya tu.

Nakuomba kama mdogo wako, ambaye hajakuomba kitu tangu ulipomfundisha kuendesha trekta.

LaRae


Kestrel Fork
15 Januari 2023

LaRae,

Hii naandika mwenyewe kwa kushoto. Imenichukua siku tatu. Sikutaka Twyla aione.

Walinipasua tena Desemba. Vidole viwili vinasogea kidogo. Wiki jana nilifungua duka, mzee Orval akakaa kitini, mtu mwema, anasema, “Kata tu Verl, nywele zenyewe hazifiki hamsini.” Nilimkata sikio. Hakulalamika. Alishika kitambaa sikioni, akaniambia hali ya hewa imebadilika. Nikafunga duka.

Sasa nikuambie la moyoni. Mara tatu umeniandikia nitafute wakili. Mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili nilishangaa. Hii ya tatu, ile ya Krismasi, nimekaa nikaifikiria: mtu anayekuambia ujitafutie wakili ni mtu anayejiandaa kupambana nawe. Kumbe ofisi yako inaniona adui. Ndiyo maana hukuja hospitali. Ndiyo maana hukuja Shukrani.

Imeniuma, sikufichi. Lakini tulia. Siwashtaki. Sitakwenda kwa wakili yeyote, ili usije ukalazimishwa kuchagua. Jina la baba yetu liko kwenye mlango wa ofisi yako na sitalitia doa.

Verl


Harlan Gap
22 Januari 2023

Kaka,

Wewe si adui. Umenielewa kinyume kabisa na siwezi kukuonyesha ulipokosea. Nimeandika na kuchana barua hii mara sita. Wakili wako atanielewa. Tafuta wakili.

Nakupenda, hata ukikasirika.

LaRae


Kestrel Fork
26 Machi 2023

Wifi yangu LaRae,

Verl hajui kwamba nakuandikia. Hajakujibu tangu Januari, na mimi nimeacha kumsukuma, maana nikikutaja anatoka kwenda kumwaga taka hata kama pipa ni tupu.

Kiti cha duka amemuuzia kijana mmoja wa Harlan Gap. Mkono haufumbi. Daktari alisema neno “kudumu” wiki iliyopita, akalisema polepole kama tunavyowasemesha wagonjwa. Verl akamshukuru. Nyumbani alikaa ndani ya gari mpaka chakula kikapoa.

Mimi si msomi, lakini nimeolewa na nyinyi Sorensen miaka thelathini na mitano na najua LaRae hapotezi wino. Barua nne, sentensi ileile. Nakuuliza mwanamke kwa mwanamke, na sitamwambia mtu: kuna jambo tunapaswa kulijua? Andika ndiyo au hapana. Neno moja tu, wifi.

Twyla


Harlan Gap
28 Machi 2023

Mpendwa Twyla,

Siwezi kuandika ndiyo. Siwezi kuandika hapana. Tafuteni wakili. <u>Leo</u>.

Kuna Bi Echeverria, ni hodari na hamwogopi mtu. Msimngoje Verl akubali. Mbebe.

LaRae


Kestrel Fork
31 Machi 2023

Wifi,

Nimeona ulivyopigia mstari ile “leo”, nami sikulaza damu. Barua imefika saa tano, saa tano na robo nilikuwa kwenye simu na ofisi ya Echeverria. Wana utaratibu wa kuja huku Fork kila Jumatano ya pili ya mwezi, wanakaa kwenye chumba cha juu cha maktaba. Karani wake akaniuliza, “Ni jambo la haraka?” Nikamwambia hapana mama, ajali yenyewe ni ya tangu Oktoba, tumengoja muda wote huu, siku chache si neno. Basi ametuandika wa kwanza kabisa, Jumatano tarehe 12 Aprili, saa tatu asubuhi.

Verl nimemwambia tunakwenda kuandika wosia. Amekubali!

Sasa ulale usingizi. Mambo yamekaa vizuri.

Twyla


Harlan Gap
Jumatatu, 3 Aprili 2023

Mwalimu Yamashita,

Barua ya wifi yangu imefika leo mchana. Naiambatanisha. Soma tarehe aliyopewa.

Kesho ni siku ya mwisho.

Ile “leo” ilikuwa dokezo, nakiri. Nilivuka mstari kwa neno moja, na hata hilo halikufaa kitu. Hata kuvunja kanuni sikujua kuvunja vizuri.

Simu iko mbele yangu. Nambari yao naijua tangu ilipokuwa na tarakimu chache kuliko sasa. Ni kusema tu, “Twyla, kesho kabla ya saa kumi na moja, kwa karani.” Maneno machache hayo, na kaka yangu ana kesi. Nami nitakuwa nimemuuza mteja aliyeniamini kwa miaka kumi na tisa, na wazazi elfu tisa ambao siri zao ziko kabatini kwangu wataambiwa kwamba mwanasheria wao hutoa siri kwa ndugu zake. Nikifikiria hivyo naona niko sawa. Nikifikiria kile kiti kilichouzwa naona mimi ni mnyama.

Nimenyanyua simu mara mbili. Mara ya pili iliita. Twyla akasema “Halo?” mara tatu, akakata.

Nakuandikia ili mikono yangu iwe na kazi hadi posta ifungwe.

LaRae


Kestrel Fork
13 Aprili 2023

LaRae,

Jana nimejua kwamba wosia ulikuwa uongo wa Twyla. Nilikaa, kwa heshima.

Bi Echeverria ni mwanamke mfupi, Mbasku, wa wale wachunga kondoo waliohamia kule kusini kutoka Uhispania, anaongea kama anapiga misumari. Kabla ya yote akauliza ajali ilikuwa lini. Nikamwambia. Akashusha kalenda ukutani, akahesabu kwa ncha ya kalamu, mwezi kwa mwezi. Akahesabu tena kutoka mwisho kuja mwanzo. Kisha akaiweka kalamu chini.

“Bwana Sorensen, umechelewa siku nane.”

Nikamwambia, “Mbona fomu nilijaza? Hatch aliichukua mwenyewe.”

“Ile ni ya kabati lao.”

Twyla akasema, “Lakini nilipiga simu siku ileile! Niliambiwa leo, nikapiga leo!” Akarudia hivyo mara nyingi mpaka yule mama akamshika bega.

Akauliza kama kuna mtu yeyote aliwahi kutushauri. Nikatoa barua zako. Twyla alikuwa amezibeba zote kwenye mkoba. Akazisoma taratibu, kisha akavua miwani. “Huyu dada yako alikuwa anapiga yowe,” akasema. “Hakuna wakili wa shule asiyeijua hesabu hii. Hakuruhusiwa kusema kingine. Angesema kingine, leseni yake ingekwenda.” Kisha akasema atatafuta njia, na kwa jinsi alivyosema nikajua hana anayoijua.

Twyla hajatoka jikoni tangu jana. Anaosha vyombo vilivyo safi.

Usidhani sikuelewi. Miaka thelathini na minne watu wamekaa kwenye kiti changu wakaniambia mambo ambayo wake zao hawayajui, na sikuyatoa nje ya mlango. Nakuelewa sana. Ndilo linalonitesa, maana ningekuwa sikuelewi ningekuchukia nikapumzika.

Nina swali moja, na kesi haipo tena, kwa hiyo halimdhuru mtu. Nataka kujua hivi: kuna aliyejua kwamba yale majukwaa ni mabovu kabla hayajanipata? Maana kama ni bahati mbaya tu, mimi naiweza bahati mbaya. Mtu anaanguka, anainuka, ananyoa kwa kushoto. Lakini kama mtu alijua, akaniacha niende kuyavuta pale kila Alhamisi nikiimba, hilo silijui nitaliweka wapi.

Sihitaji maelezo. Niambie tu hakuna aliyejua. Nitakuamini bila kuuliza la pili, hujawahi kunidanganya, ukiacha ile theluji. Kisha uje Jumapili, Twyla ataoka nyama, tukae mezani na jambo hili lisitajwe tena mpaka tuzikwe.

Kaka yako,
Verl


Harlan Gap
20 Aprili 2023

Kaka Verl,

Barua yako imefika Jumatatu. Nimekaa na kalamu siku nne.

Jumapili sitakuja.

Mdogo wako,
LaRae